Aliyesema Sahihi

Mwenye kuliogopa sinki la jikoni kwake asiendelee kusoma, maana akimaliza hapa ataosha vyombo uani kwa ndoo mpaka azeeke. Haya yametokea Irbid, kaskazini mwa Jordan, katika kitengo cha dharura cha hospitali ambayo jina lake tuliache lilivyo. Asiyeamini apande gari aende akaulize. Atawakuta manesi wa pale, watu wa roho ngumu, waliowahi kumtoa mlevi mwenye kisu kwa kumvuta sikio, nao siku hizi hawafungui maji kabla ya kugonga sinki kwa kidole na kunong'ona kitu.

Lilianza dogo tu. Nesi Itidal alikuwa chumba cha dawa, sirinji mkononi, akihisi mgongo wa mwenzake Ghadir umegusana na wake. Akataja dawa na kiasi chake. Nyuma yake sauti ikajibu, "Sahihi." Akaenda, akamchoma mgonjwa, mgonjwa akatulia. Aliporudi akamwona Ghadir anaingia kwa mlango wa nje, mvua inatiririka kwenye koti lake, mfuko wa tende kwapani.

"Unatoka wapi wewe?"

"Dukani, Sista. Si nilikuaga? Adhana ikilia sitaki kufuturu kwa maji ya dripu."

"Na aliyenijibu sahihi ni nani?"

"Njaa hiyo," Ghadir akacheka. "Njaa ya Ramadhani ina mdomo."

Itidal naye akacheka. Lakini alipopeleka mkono nyuma kujinyoosha, akakuta gwanda lake limelowa, kuanzia mabegani hadi kiunoni, kama mtu aliyeegemea ukuta wa bafu.

Mambo ya kupeana migongo yaliletwa siku chache kabla ya hapo na mfamasia Tharwat, mtu mfupi mwenye sauti ya muuza mitumba. Dawa yoyote ikibadilishwa hata rangi ya kofia, Tharwat huteremka na kuwakusanya wote, madaktari kwa manesi, awasomeshe upya. Msimu huo alikuja na habari kwamba dawa ya kulegeza misuli, ile ya kumzima mtu pumzi kabisa ili apitishiwe mpira wa hewa, sasa inatoka kiwanda kingine, na vichupa vyake vina shingo ya bluu. Na dawa ya kuamsha, ile ya kumrudisha mtu aliyezidiwa na dawa ya maumivu makali, nayo ina shingo ya bluu.

"Moja inazima, nyingine inawasha," akasema, akivinyanyua vyote viwili juu. "Mkichanganya msinipigie simu mimi. Mpigieni mchimba kaburi. Kuanzia leo dawa za hatari zinakaguliwa na wawili, migongo imeelekeana, kila mmoja na kichwa chake. Sitaki ule ukaguzi wenu wa kutikisiana vichwa kama mbuzi sokoni."

Halafu akaongeza kuwa mabaki ya dawa ya maumivu makali yamwagwe kwenye sinki mbele ya shahidi, maana mabaki ya hospitali ile yalikuwa yameota miguu, yanatembea hadi mitaani.

Jioni ya siku hiyo ya mafunzo lori lilipinduka kwenye barabara ya Ramtha. Walioumia waliletwa kwa mafungu, vichupa vikavunjwa shingo kwa haraka, huyu akipata nusu, yule akipata robo. Vurugu zilipotulia, meza ya chumba cha dawa ilikuwa imejaa mabaki. Ghadir akachukua kichupa kimoja, akakiinamisha juu ya sinki, akasema taratibu, "Dastur."

Watu wa Sham, yaani Jordan na jirani zake, husema hivyo wanapomwaga kitu kwenye tundu la maji, kuwaomba njia wanaokaa chini. Neno hilo lilipofika kwetu likawa desturi, likasahau kazi yake ya zamani. Kule halijasahau.

"Unaomba ruhusa kwa bomba la serikali?" Itidal akamtania. "Si uwaonyeshe na kitambulisho?"

"Sema tu, Sista. Ulimi hauchubuki."

"Ramadhani hii wamefungwa minyororo, hujui?"

"Waliofungwa ni mashetani. Majini wengine ni watu na familia zao."

Itidal hakuwa mtu wa kushindwa maneno, tena alikuwa amechoka. Akavikusanya vichupa vyote vilivyobaki, akavimimina kimoja baada ya kingine, na kwa sauti ya mama anayewalaza watoto akaliambia tundu la sinki: "Haya, kunyweni. Kunyweni mlale."

Maji yakashuka kwa sauti ya mtu anayemeza.

Basi baada ya siku ile ya mgongo uliolowa, chumba cha dawa kikabadilika harufu. Kikawa na harufu ya maziwa. Si ya ng'ombe. Ilikuwa ni ile harufu ya nguo ya mzazi anayenyonyesha, maziwa yaliyovujia kitambaani yakachacha. Walipiga dawa ya kusafishia, walimwita fundi akafungua mabomba, harufu ikabaki pale pale. Na kila Itidal alipogeuka kukaguliwa, nyuma yake kukaja jibu haraka mno, kabla hajamaliza kutaja kiasi, "Sahihi," kwa sauti ya Ghadir iliyo kama imetoka kwenye mtungi.

"Si ulisema sahihi!" alimfokea Ghadir siku moja, akiwa ameshika kichupa kisicho chenyewe.

"Sijafungua mdomo, Sista! Haki ya saumu yangu, nilikuwa bado nasoma lebo."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakatazama sinki. Humo ndani, chini kabisa, mtu akasema kwa upole, "Mwamshe."

Ghadir alitoka mbio hadi kwenye maegesho, na huko akafanya kazi nusu zamu, akiwapima presha watu ndani ya magari yao. Itidal alibaki, akajiambia ni hewa ya mabomba. Mtu akiwa na kiburi cha kazi, masikio yake humtii.

Siku iliyofuata, muda ule ambao mji mzima umekaa mbele ya sahani ukisubiri mzinga wa futari na barabara za Irbid hazina hata paka, mlango wa dharura ukafunguliwa kwa bega. Alikuwa Munif, mume wake Itidal, viatu hakuvaa, na mikononi amembeba Watin, mtoto wao wa pekee, ambaye kwa mwaka ule alikuwa anajifunza kufunga nusu siku na kujisifu siku nzima.

"Alijilaza kwenye kochi kungoja adhana," Munif akasema. "Namwita haamki. Namtikisa haamki. Itidal, haamki!"

Daktari Ghaith, kijana mpole mwenye ndevu za kuazima, akamfunua mtoto macho. Mboni zilikuwa zimesinyaa hadi kuwa ncha za sindano. Kifua kilipanda, kikashuka, kikakaa. Kikakaa mno. Kikapanda tena.

"Huyu amepewa dawa ya maumivu makali," Daktari akasema bila kumtazama mtu. "Mama Watin, nyumbani kwenu ipo?"

Munif akamgeukia mkewe polepole. "Umeleta kitu nyumbani?"

"Munif! Mimi?"

"Nakuuliza."

"Wallahi sijawahi kutoka hapa hata na pamba!"

Wakampa mtoto dawa ya kuamsha. Watin akavuta pumzi kwa kishindo kama aliyetolewa kisimani, akafumbua macho, akamshika mama yake ukosi. "Mama, mwambie anyanyuke."

"Nani, roho yangu?"

"Huyu mtoto. Amelala juu yangu, ni mzito, na amelowa. Mwambie..." Macho yakafunga.

"Dawa ya kuamsha huisha nguvu mapema kuliko ile iliyomlaza," Daktari akasema. "Anaweza kuzama tena na tena. Turudie. Haraka, Sista!"

Itidal akakimbia chumba cha dawa. Akasikia hatua nyuma yake, mgongo ukaja ukagusa wake, naye bila kugeuka akachukua kichupa chenye shingo ya bluu, akakivunja, akavuta, akataja jina na kiasi. "Sahihi," ikajibiwa. Alikwisha kuinua mguu aondoke wakati harufu ya maziwa ilipomfika puani, na wakati huohuo akamsikia Ghadir, Ghadir mwenyewe, mbali kule kitandani, akilia, "Pumua, Watin, pumua mwanangu." Itidal akaangalia lebo ya kichupa alichokishika. Ilikuwa dawa ya kulegeza misuli. Alikuwa anakwenda kumzima mtoto wake kwa mkono wake mwenyewe.

Sirinji ikamponyoka, ikavunjika sakafuni. Mgongo ule haukuondoka. Ulikuwa baridi, ulikuwa umelowa, na maji yake yalipenya gwanda yakamteremka hadi kwenye soksi, na kadiri alivyosimama pale asithubutu kugeuza shingo ndivyo alivyotambua kwamba mgongo huo unatetemeka, unatetemeka kwa namna aliyoijua vizuri kutokana na miaka yake yote ya kusimama kando ya vitanda, mtetemeko wa mwanamke anayelia huku amejiziba mdomo ili walio chumba cha pili wasimsikie.

"Wangu amelala," sauti ikasema. Sasa haikuwa ya Ghadir. "Ulimwambia anywe, akanywa. Ulimwambia alale, akalala. Namtikisa haamki."

"Sikujua," Itidal akanong'ona.

"Hukuomba njia."

"Sikuomba. Ni kweli."

"Na wako alale. Tulingane."

Ulimi wa Itidal, ambao haukuwahi kukosa jibu kwa polisi wala kwa mganga mkuu, safari hii haukutafuta hoja. Kilichomjia kilikuwa ni kile alichokiona tangu utotoni katika mji ule kila damu ilipomwagika kati ya ukoo na ukoo: kwamba mkosaji hajitetei kwanza. Huomba atwa, muda wa amani, mikono ikae chini wakati watu wazima wanazungumza. Akapiga magoti palepale, uso kwenye sinki.

"Dastur," akasema. "Dastur, enyi wenye nyumba. Mimi Itidal nimekosa, na sikatai kosa langu. Naomba atwa."

Bomba lililokuwa likitona likaacha kutona.

"Atwa hadi lini?" sauti ikauliza, na hata yenyewe ilionekana kushangaa kuombwa kwa heshima.

"Hadi waamke wote wawili. Wako na wangu."

Sauti ikajibu: "Nimetoa."

Wakati huo Tharwat alikuwa ameshuka mbio kutoka stoo, koti lake jeupe limekaa upande. "Mmempa ngapi? Hiki ndicho cha mwisho!" akapiga kelele, akionyesha kichupa. "Hakuna kingine mpaka gari la Amman lifike, na dereva yuko futari!"

Itidal akamnyang'anya. Akasoma lebo kwa sauti. Akaisoma tena. Daktari, aliyemfuata hadi mlangoni, akanyoosha mkono apokee, Munif akasogea nyuma yake, na Itidal, mbele yao wote, akakivunja kile kichupa shingo akakiinamisha juu ya tundu la sinki.

"Wewe mwanamke!" Tharwat akapayuka. "Umemuua mwanao!"

"Dastur," Itidal akasema, akamimina mpaka tone la mwisho.

Munif alinyoosha mkono amvute begani, lakini ukaganda hewani. Ndani ya bomba, kwa mbali, kitu kilikohoa. Kikohozi kidogo, chembamba, cha mtoto mchanga aliyepaliwa. Halafu kikalia. Na kule kitandani, Watin akafumbua macho akasema ana kiu.

Tharwat akakaa chini sakafuni, taratibu, kama mzigo unaoshushwa. Hakuna aliyemcheka.

Lakini aliyoyasema Daktari, kwamba dawa ya kuamsha huisha nguvu mapema, hayakuwa ya mtoto wa kitandani peke yake. Mzinga ulipolia mjini na watu wakashika tende zao, kilio cha kwenye bomba kikaanza kulegea. Kikawa mguno, kikawa mkoromo, mkoromo ukaachana mbali na mkoromo mwenzake, na kila ulipochelewa Watin naye alichelewa, mpaka Daktari akarudi kitandani, akauchukua mfuko wa kupumulia akaufunika usoni kwa mtoto na kuanza kuuminya.

"Atwa imekufa?" sauti ikauliza kutoka kwenye sinki. Sasa kila mtu aliisikia.

"Haijafa!" Itidal akajibu. "Dada yangu, nisikilize. Sina dawa tena. Dawa ikikosekana hatuwaachi wagonjwa. Tunawapumulia mpaka sumu ichoke yenyewe. Umemshika?"

"Nimempakata."

"Inua kidevu chake. Mfunike kwa mdomo wako, puliza kidogo tu, pumzi ya shavu, usimpasue. Kifua kikipanda, acha. Kikishuka, puliza. Puliza. Acha. Puliza. Acha."

Na hapo hospitali nzima ikaanza kupumua. Mabomba ya ukutani yakavimba kwa hewa na kunywea, vyoo vya orofa ya juu vikavuta maji na kuyarudisha, tangi la juu ya paa likaguna kama kifua cha ng'ombe, na wagonjwa waliokuwa wakifuturu vitandani wakashusha vijiko vyao na kutazama dari, maana hata sakafu chini ya miguu ya vitanda ilikuwa inapanda na kushuka, puliza, acha, kwa mpigo uleule ambao Itidal aliutamka akiwa amepiga magoti kwenye maji yenye harufu ya maziwa, sauti ikimkauka, shavu lake limebandikwa kwenye chuma baridi cha sinki huku nyuma yake, kule kitandani, Daktari akiuminya mfuko kwa kumfuata yeye, na Ghadir akisoma kila sura aliyoihifadhi, na Munif akiwa ameshika mguu mmoja wa binti yake kana kwamba ataporwa, mpaka adhana ya isha ikapita, mpaka tarawehe ikaanza na kuisha katika msikiti wa ng'ambo ya barabara, na bado, puliza, acha, puliza, acha.

Kisha mama yule wa chini akasema, "Nimechoka."

"Usichoke. Mwite. Mwite kwa jina, wanasikia hata wakiwa huko."

"Namwita. Sauti yangu haishiki. Ni wewe uliyemwambia alale. Mwite wewe."

"Nipe jina lake."

Kila bomba likanyamaza. Hata wasiojua mambo haya wanajua hili: jini hatoi jina, maana mwenye jina lake amemshika shingo. Mfuko mkononi mwa Daktari ukagoma kujaa. Midomo ya Watin ikageuka rangi ya zabibu.

"Nipe jina!" Itidal akalia. "Wewe ni mzazi na mimi ni mzazi! Nipe!"

Ukungu ukapanda kutoka kwenye tundu, wa vuguvugu, ukamwingia sikioni. Jina lenyewe haliandikwi hapa, karatasi isingelibeba. Itidal akalitamka ndani ya sinki kwa sauti ileile aliyowalazia siku ile, sauti ya mama, ila safari hii alisema, "Amka. Amka, mwanangu, kumekucha."

Kilio kilichopasuka humo kilivunja kioo cha kabati la dawa. Kilikuwa kilio cha mtoto mwenye hasira, mwenye njaa, aliye hai. Watin akausukuma mfuko usoni mwake, akatapika kidogo, akauliza kama wamekula katayefu, zile chapati tamu za Ramadhani, bila yeye.

"Sahihi," sauti ya chini ikasema, kwa uchovu tu, na harufu ya maziwa ikaondoka kama mtu anayeufunga mlango polepole asiamshe waliolala.

Uchunguzi ulifanyika, na damu ya Watin haikukutwa na dawa yoyote. Munif alimwomba mkewe radhi mbele ya wakwe zake, na hilo kwa mwanamume wa Irbid si jambo dogo. Tharwat naye akarudi kwenye mafunzo yake, ila sasa akifika kwenye sehemu ya kumwaga mabaki husema "na msisahau dastur" haraka haraka, huku akipangusa miwani, kama anayetaja kanuni iliyotoka wizarani. Dawa ya kuamsha akaitenga na mwenzake, kabati mbalimbali, funguo mbalimbali.

Idi ikaja, ikapita. Watin akarudi shule, akanenepa, akaanza tena kujisifu.

Alasiri moja Itidal alikuwa jikoni kwake, ghorofa ya tatu, mikono yake imejaa unga. Watin alikuwa anasuuza glasi. Akafunga maji. Mtoto akainama, sikio karibu na tundu, akatikisa kichwa kama anayesikiliza, akatabasamu.

"Mama."

"Eeh?"

"Yule mtoto anasema ulimwita 'mwanangu', kwa hiyo amekuja."

Unga ukamwagika. Itidal hakuuzoa.

"Ananiita dada," Watin akasema, na gauni lake lilikuwa limelowa mgongoni, kuanzia mabegani hadi kiunoni. "Anauliza leo alale wapi."